Muchezo wa wevi wa bahari: unafaa kwa watoto wadogo?

Wazazi wanauliza mapadri na wakatekista juu ya michezo ya video ambayo watoto wanaicheza mbele ya televizio. Kuwajibu "yote ni mibaya" ni kazi nyepesi. Kuwajibu "ni muchezo tu" ni kazi nyepesi zaidi. Tunaona inafaa kutwaa muchezo mumoja na kuuchungua vizuri. Tumechagua LEGO Pirates of the Caribbean, uliotoka mwaka wa 2011.

LEGO ni vitu vya kuchezea kutoka Danemark: matofali madogo ya plastiki ambayo mutoto anayaunganisha na kujenga nyumba, gari au mashua. Kazi ile ilianza mwaka wa 1932, na jina lake linatoka katika maneno ya kule yenye maana "cheza vizuri". Muchezo wenyewe ulitengenezwa na Waingereza wa Traveller's Tales. Unaonyesha watu wa plastiki wakifuata hadisi ya filamu nne za Jack Sparrow, mwivi wa bahari mwenye hila nyingi. Kila filamu ina sehemu 5, yaani zote pamoja 20. Mutoto anaongoza sanamu: inaruka, inapigana kwa upanga, inavunja vitu na kujenga vingine, inaokota sarafu.

Wengi wanaogopa kwanza mapanga. Ni kweli, mapigano ni mengi. Lakini damu haionekani hata tone moja. Sanamu ikishindwa inaachana vipande vipande, kama kitu cha kuchezea kilichoanguka chini. Kisha inasimama tena, na hasara ni sarafu tu. Mutoto wa miaka 8 anajua kabisa kwamba ile ni plastiki. Mutoto wa miaka 4 ni neno lingine: watu wa mifupa wanaotembea katika mwangaza wa mwezi, na Davy Jones mwenye ndevu kama mikono ya nyama wa bahari, wanaweza kumufuata mupaka kitandani.

Tusifiche mazuri yake. Watoto wawili wanaweza kucheza pamoja, bega kwa bega, na ni lazima wasaidiane. Jack anatafuta vitu vilivyofichwa kwa dira yake. Wanawake wanaruka juu kupita wanaume. Wengine wana kazi nyingine. Hakuna anayejitosha peke yake. Tena sanamu hazisemi, zinanunguna na kufanya ishara tu, basi mutoto wa luga yoyote anacheka. Lakini asiyeona filamu hashiki hadisi vizuri, na atataka kuziona. Hapo mulango unafunguka: huko Marekani filamu zile zote nne zina onyo kali kwa wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13. Juu ya muchezo wenyewe, Ulaya imeandika miaka 7, Marekani miaka 10. Hata wapimaji hawapatani.

Kwetu sisi, ugumu mukubwa hauko katika mapanga. Uko katika sifa. Mutoto akiokota sarafu za kutosha, muchezo unamupa cheo: "mwivi wa bahari wa kweli". Mutu atajibu: wazee wetu nao walisimulia hila za Kalulu, nasi hatukukuwa wevi. Ni kweli. Lakini Kalulu alisimuliwa na mutu muzima, aliyetazama macho ya watoto na kuwauliza mwishoni: alifanya vizuri? Mashini haiulizi neno.

Tutoe mufano. Katika sehemu za mwisho inaonekana meli ya Blackbeard, Queen Anne's Revenge. Mwivi yule aliishi kweli, akauawa mwaka wa 1718. Meli yake ilikuwa kwanza La Concorde, meli ya Nantes, Ufaransa, ya kuchukua watumwa. Alipoikamata mwaka wa 1717, ilikuwa imetoka Ouidah, katika Benin ya leo, na ndani yake mamia ya watu Weusi. Hakuwapa uhuru: wengi aliwaachia Wafaransa, wakapelekwa kuuzwa Martinique. Katika muchezo meli ile ni mahali pa kuchekea. Mutoto wa miaka 10 anaweza kuambiwa ukweli huu, naye atauelewa. Lakini shurti awepo wa kumwambia.

Hukumu yetu ni hii. Chini ya miaka 7: hapana; mutoto wa namna hii apewe matofali yenyewe mukononi, au udongo na mabua ya kujengea; yatamufaa zaidi. Toka miaka 7 mupaka 10: ndiyo, kwa muda wenye mupaka, mutu mukubwa akiwa karibu. Kupita hapo: ndiyo, na mazungumuzo nyuma ya muchezo. Mzazi asiyepata nafasi ya kukaa na mutoto nusu saa, afazali asiwashe mashini ile.