Vinasaba na Nasaba: Tamaa ya Sayansi katika Onesho la Mangi Meli Remains

Tarehe 2 Machi 1900 utawala wa Kijerumani ulimnyonga Mangi Meli huko Old Moshi, pamoja na viongozi na wazee wengine 18. Masimulizi ya wenyeji yanashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Hicho ndicho kiini cha Mangi Meli Remains, onesho la picha, filamu na simulizi lililobuniwa na Konradin Kunze na Sarita Lilly Mamseri mwaka 2018, likaoneshwa Berlin na Dar es Salaam, kisha likaletwa Old Moshi mwaka 2019. Ni rahisi kulisoma kama kazi inayohusu ukoloni tu. Uhakiki huu unadai kwamba onesho linaikosoa pia tamaa ya sayansi ya kuumiliki mwili wa binadamu, na kwamba Kiswahili kinaifafanua hoja hiyo vizuri kuliko Kiingereza cha jina lake.

Neno la mwisho la jina hilo lina maana mbili: ni nomino inayotaja masalia ya maiti, tena ni kitenzi kinachosema kwamba Meli angalipo. Kiswahili kina maana zote mbili katika mzizi mmoja, -baki, lakini ngeli inafichua gharama yake. Mangi yumo katika ngeli ya A-/WA-; mabaki yamo katika ngeli ya YA-. Mangi akishaitwa mabaki, hasemwi tena kuwa "amepelekwa", husemwa "yamepelekwa". Upatanisho wa kisarufi unatenda kwa maneno kile ambacho makumbusho yalitenda kwa mikono: kumtoa mtu katika kundi la watu.

Tamaa inayokosolewa hapa haikuwa ya fedha. Mwanaanthropolojia Felix von Luschan alikusanya Berlin maelfu ya mafuvu kutoka sehemu mbalimbali za dunia ili yapimwe na kuainishwa kwa misingi ya mbari. Tamaa hiyo ilishibishwa na wingi. Fuvu moja halikuwa na thamani kwa kuwa la fulani. Lilithaminiwa kwa kuwa ni moja zaidi. Kwa hiyo jina la marehemu halikuhitajika, na mengi yalipotea.

Mwaka 2011 mkusanyo huo ulikabidhiwa kwa Stiftung Preußischer Kulturbesitz, taasisi ambayo jina lake la Kijerumani hutaja umiliki, ingawa Kiingereza hulifasiri kuwa urithi. Baada ya kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, taasisi hiyo ilitangaza Septemba 2023 kwamba vipimo vya vinasaba vimeyahusisha baadhi ya mafuvu na familia zilizo hai Kilimanjaro. Meli hakuwa miongoni mwa waliotambuliwa.

Hapa ndipo suala linapokuwa gumu. Sayansi ileile iliyouchukua mwili sasa ndiyo inayoombwa kuurudisha, na ili irudishe, inahitaji sampuli kutoka kwa mwili mwingine, wa mjukuu. Neno vinasaba lenyewe limejengwa juu ya nasaba, kwa kiambishi ambacho aghalabu hudogosha. Maabara huishia kwenye kilichodogoshwa. Uchagani, nasaba ina mahali pake: ni kihamba, ambamo wazee walizikwa kati ya migomba na wajukuu wanaendelea kulima. Kipimo kinaweza kusema fuvu hili ni la ukoo upi. Hakiwezi kumrudisha marehemu kihambani.

Ulinganisho na Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein unasaidia. Katika tamthilia hiyo shujaa aliyetekwa anakataa kulikana neno lake. Mwili unakwenda, neno linabaki. Onesho la Meli linaugeuza mpangilio huo: mwili ndio unaodaiwa, na ushindi wa neno hautoshi kuwafariji wanaodai. Kwa mageuzi hayo, onesho linaukosoa hata utamaduni wa fasihi yetu wa kuwageuza mashujaa kuwa ishara upesi mno.

Onesho halikosi udhaifu. Jina lake ni la Kiingereza, na mmoja wa wabunifu wake anatoka katika nchi ileile iliyomnyonga Meli. Hivyo linaweza kuulizwa swali linalowauliza wengine, la nani anamiliki kisa hiki. Jibu lake bora ni safari yake yenyewe, kwa kuwa limefika Old Moshi huku fuvu likiwa bado halijapatikana. Laiti thamani yake ingetegemea kupatikana kwa fuvu, tangazo la 2023 lingelifuta. Halikulifuta. Mahali palipokuwa pa kaburi pangali wazi, na onesho linakataa kupaziba kwa namba, hata namba hiyo ikiwa sahihi.