Huku Mchuzi Ukitokota

Ni tarehe 7 Machi, katika misitu ya Ithilien, na Sam ameinjika sungura wawili. Jiko ni kishimo alichokichimba mwenyewe. Vyombo ni visufuria viwili alivyovibeba mgongoni safari nzima. Amemwomba Gollum, anayewaongoza njia, akamchumie majani ya kukolezea, Gollum kagoma: moto anauogopa, na kwake nyama iliyopikwa ni nyama iliyoharibiwa. Frodo amelala hapo kando, na ile Pete ambayo ulimwengu mzima unauana kwa ajili yake imo shingoni mwake. Kwa kurasa kadhaa, hakuna jambo kubwa kuliko mchuzi kuiva.

Jioni ya siku hiyohiyo, mbali upande wa magharibi, Aragorn, mwenzao waliyeachana njiani, anawasili Dunharrow. Kukipambazuka ataingia chini ya mlima kupitia Njia za Wafu, ambako farasi wanatetemeka na mashujaa wanapoteza sauti. Msomaji wa The Lord of the Rings hakutani na haya mawili pamoja. Mchuzi umo katika juzuu la pili, wafu wamo katika la tatu, na mpaka afike kwenye orodha ya tarehe huko mwishoni ndipo anapong'amua kwamba kati ya sufuria ile na kiza kile ulipita usiku mmoja tu.

Wapo wanaomsifu J.R.R. Tolkien kwa lugha alizozibuni, na wapo wanaosifu ramani zake. Mimi namsifu kwa saa yake.

Msimulizi ana mdomo mmoja, na mambo ya dunia hayangojani. Kiswahili kimetupa -ka- ya kupangia matukio yafuatane kama siafu, akaenda, akaona, akarudi; kikatupa na -ki- ya kushikia mawili kwa mkono mmoja. Ila -ki- hubeba sentensi, haibebi vita vya majuma matatu. Bibi yangu alikuwa na njia yake: binti amekwisha kumezwa na zimwi, sisi tumeshikana mikono, naye anasema, "Haya, huyo tumwache humo tumboni, turudi kwa mfalme." Tukamnunia. Halafu tukamsikiliza mfalme akila pilau yake, na kila tonge lilitukera, maana tulijua aliko mwanawe.

Tolkien anafanya kama bibi, kwa ukatili zaidi. Kazi yake, iliyotoka mwaka 1954 na 1955 kwa majuzuu matatu, imegawanywa vitabu sita. Kitabu cha tatu hakimfuati Frodo hata hatua moja. Cha nne hakiwafuati wenzake. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiba: niliruka kitabu kizima kwenda kumtafuta Frodo. Nikampata, lakini amechujuka. Sikujua kwamba siku ile amejibanza shimoni, tarehe 5 Machi, akilikodolea macho lango la chuma la Mordor, wenzake Merry na Pippin wameketi mbele ya ngome iliyobomolewa ya Isengard wakivuta kiko baada ya kula wakashiba. Niliiruka shibe, kwa hiyo njaa haikuniuma.

Kuifanya saa hii isikose kulimtoa jasho. Mwaka 1944 alimwandikia mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini akijifunza urubani wa kivita, kwamba mwezi wake umemkorofisha: ulikuwa unachomoza upande mmoja wa nchi na kutua upande wa pili kwa wakati uleule. Ikabidi arudi nyuma, afumue vipande vya sura alizokwisha kuandika, azishone upya. Nani angegundua? Labda mvuvi, anayeishi kwa kuhesabu bamvua.

Lakini tarehe tu hazitoshi. Kitabu cha nne kinaishia Frodo ametekwa, yu hai, mikononi mwa maadui. Kisha tunanyang'anywa. Tunapelekwa kitabu kizima kwenye mazingiwa, farasi, mfalme anayekufa uwanjani, mpaka tunafika mbele ya Lango Jeusi, lilelile la chuma, tarehe 25 Machi, ambapo mjumbe wa Sauron, bwana wa Mordor, anatoa vitu kimoja kimoja: upanga mfupi wa Sam, joho la kijivu, na ile deraya ya mithril ya Frodo. Pippin anapiga ukelele. Nasi hatuna cha kumwambia, kwa kuwa hatujui zaidi yake. Filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2003, katika toleo lake refu, inayo deraya hiyo. Lakini kamera imekwisha kutuonyesha Frodo amekombolewa. Mtazamaji anamhurumia Pippin. Msomaji ni Pippin.

Na hatupewi jibu. Vita vinaanza, Pippin anaangukiwa na jitu, macho yanaingia giza, kitabu cha tano kimekwisha. Fungua ukurasa: saa imerudishwa nyuma siku 11. Ni tarehe 14, inakaribia adhuhuri, na Sam anazinduka nje ya mlango wa ngome uliofungwa, peke yake kabisa.

Asubuhi ya pili yake, yeye na Frodo wakiwa wametoroka, Sam anatazama juu akaona giza la Mordor linasukumwa nyuma. Upepo umegeuka. Mtumishi mmoja wa Sauron anapita angani akilia, na safari hii kilio hakitishi, ni cha msiba. Sam anachangamka, ana hakika kuna jambo limetokea huko magharibi, ila hajui ni jambo gani. Sisi tunalijua. Saa hiyohiyo mfalme Théoden anakata roho katika uwanja wa Pelennor, nasi tulikwisha kumlilia kurasa nyingi zilizopita. Sam anamwonyesha Frodo mbingu. Frodo anasema habari njema hizo ziko mbali nao, na Pete imezidi uzito. Kisha wanaendelea kutembea, kwa sababu wana kiu.