Kusoma Mkojo, Kuulizia Damu

Kuotesha mkojo huanza na utulivu wa mkono. Mtaalamu wa maabara hushika kitanzi wima na kukigusisha chini kidogo ya uso wa mkojo. Akikizamisha mno, kitabeba kupita kipimo, nacho kipimo chenyewe ni mikrolita 1 tu. Kisha anachora mstari mmoja katikati ya sahani na kuukata kwa mistari myepesi ya kwenda na kurudi, bila kuichana agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria. Kesho yake, kila doa lililoota huhesabiwa kuwa bakteria 1,000 katika mililita. Madoa 100 yanafikia 100,000, kiwango cha kutambua maambukizi ya mkojo alichokitetea daktari Edward Kass kule Boston miaka ya 1950.

Kuhesabu hata mashine zinaweza. Ninachokistahi ni usomaji. Mara nyingi sahani ya agari ya MacConkey huonyesha madoa ya waridi ya Escherichia coli, na njia yake inajulikana: hutoka utumbo mpana, hupanda kibofu hadi figo, na mambo yakiharibika huingia kwenye damu.

Lakini siku nyingine, juu ya agari yenye damu ya kondoo, huota madoa ya rangi ya dhahabu, na pembeni yake damu imeyeyuka. Hapo mtaalamu hodari hana haraka. Anapaka kioo rangi za Gram, anaona vishada vya zambarau. Anadondoshea peroksaidi, povu linapanda. Anachanganya na plazma ya sungura, inaganda. Ni Staphylococcus aureus, ambaye kibofu si makazi yake ya kawaida. Kwa mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo, huenda amepitia humo. Kwa asiye na mpira, yawezekana safari imekwenda kinyume: figo hupokea takriban sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, na bakteria aliyeanzia kwenye jipu au vali ya moyo huweza kushukia hapo, kisha akatoka na mkojo.

Ndiyo maana mtaalamu hatumi jibu la karatasi akaridhika. Anapiga simu wodini: mgonjwa ana homa? Ana mpira? Damu imeshachukuliwa ya kuotesha? Swali hilo la mwisho ndilo ustadi wenyewe, kwa sababu maambukizi ya kibofu hutibiwa kwa vidonge vya siku chache, ilhali Staphylococcus aureus katika damu hudai dawa ya mshipa kwa wiki 2 au zaidi, na damu hiyo inafaa ichukuliwe kabla dozi ya kwanza haijaingia.