Kazi Iliyofukiwa

Fundi wa rangi husifiwa na kila mgeni. Fundi wa msingi hasifiwi na mtu, kwa kuwa kazi yake hufukiwa mara tu inapokamilika. Nasema hivi kwa sababu yuko mtu anayetaka kuinunua nyumba niliyotoka tu kuijenga katika uwanda wa Kano, mashariki mwa Kisumu, na bei anayoitaja si ya kubezwa. Ameikagua. Amesifu vigae vya bafuni, amehesabu vyumba, ameuliza mabati ni ya geji gani. Chini kuna nini, hakuuliza. Nikaona kwamba kabla ya kumjibu nauza au siuzi, ni lazima nijue hasa ninachouza.

Kano ni nchi tambarare iliyobanwa na miinuko ya Nandi kaskazini na ya Nyabondo kusini, na Mto Nyando huipitia ukielekea ziwani. Udongo wake ni mweusi, wa kunata. Mvua za Machi zikianza, unakunywa maji na kuvimba. Januari unakauka na kupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Nyumba iliyokalishwa juu yake hivihivi hupanda na kushuka nao, na baada ya misimu michache ukuta huanza kuchanika mshazari kutoka kwenye pembe za madirisha. Ndiyo maana fundi anayeijua Kano hachimbi kwa kipimo cha kitabuni. Anachimba mpaka weusi uishe. Kisha anarudishia shimo kwa muramu, tabaka baada ya tabaka, kila moja likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya jingine kumwagwa. Anapanga mawe, anamwaga zege, na kichwani mwa msingi anazungusha mkanda wa zege wenye nondo ili nyumba nzima ishikane. Kama ni kusogea, isogee pamoja. Mwisho anachimba mitaro ya kupeleka maji ya paa mbali na kuta. Mwenye pesa anaona fedha zake zikitumbukia shimoni mwezi mzima, na juu ya ardhi hakuna cha kumwonyesha jirani.

Fundi wangu alianza na vigingi na uzi. Kutoka kigingi cha pembeni alipima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, akatia alama, kisha akavuta tepu kati ya alama hizo mbili. Pembe ikiwa sawasawa, tepu husoma 5 kamili. Ilizidi kidogo. Akang'oa kigingi, akakisogeza kiasi cha unene wa ukucha, akapima upya, akakisogeza tena. Vibarua walikuwa wameegemea majembe wakitazamana, maana jua lilikuwa limeshapanda na zege lilikuwa halijaanza kukorogwa. “Jaduong’,” akaniambia bila kuinua kichwa, “hapa kosa ni la ukucha. Likifika kwenye paa litakuwa la kiganja.” Hesabu hiyo hakuipata darasani. Aliipata kwa fundi aliyemlea, miaka aliyokuwa akibeba karai. Kuta zilipoanza kupanda, kila pembe ilishushiwa timazi: anafumba jicho moja, anaacha lile pande la chuma liyumbe mpaka litulie lenyewe, ndipo anasema jiwe liende ndani au litoke nje. Hakulishika hata mara moja ili litulie upesi. Kungoja huko hakumo kwenye risiti yoyote niliyonayo, na ndiko kulikoisimamisha nyumba.

Wazee wetu wa Kijaluo walijenga kwa mwendo mwingine kabisa. Mwanamume aliyehama kwa baba yake kwenda kuanzisha dala lake, yaani boma lake mwenyewe, alitoka alfajiri na jogoo, na mwanawe wa kwanza akiwa na shoka, na mkewe akiwa na moto. Nyumba ya kwanza ilipaswa kusimama siku hiyohiyo, kwa sababu usiku ule walilala humo. Desturi kama hizo Paul Mboya alizikusanya katika kitabu chake *Luo Kitgi gi Timbegi* cha mwaka 1938. Siku moja iliwezekana kwa kuwa kazi ilikuwa imetangulia: nguzo za siala zimekwisha kukatwa, fito zimeandaliwa, nyasi zimefungwa matita, na jamaa wameshajua nani atachimba mashimo na nani atakuwa juu ya paa. Huo nao ni ustadi mkubwa, ustadi wa kuandaa. Lakini nyumba ile haikujengwa ili imzidi mwenyewe umri. Nyasi zilibadilishwa, kuta zilikandikwa upya, na familia ilipohama, mahali pale paliachwa pakawa gunda, yaani hame, baadaye pakalimwa. Hakuna aliyekesha akijiuliza aiuze au asiiuze. Swali hilo tumeletewa na saruji na mabati. Sasa tunajenga vitu vinavyoweza kutuzidi umri, vyenye bei hata kwa mtu asiyejua ukoo wetu.

Na kuuza kwenyewe si jambo la watu wawili. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi, na sheria za 2012 na 2013 zinataka ridhaa ya mume au mke. Kuna pia mahakama isiyoandikwa, ya mila. Wakenya wa rika langu hawajaisahau kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka amzike karibu na Nairobi, na ukoo wa mumewe ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka aliitwa kueleza mila, na hoja ya ukoo ikawa kwamba nyumba za mjini, hata ziwe nzuri vipi, hazikuwa dala lake. Mei 1987 ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga. Katika mabishano yale yote ya miezi mitano, ubora wa nyumba haukuwa na uzito wowote. Kwa mila, dala hufanywa na waliomo, na pia na waliolala chini yake. Kwangu mimi bado hakuna kaburi, na najua kwamba siku litakapochimbwa la kwanza mnunuzi hatakuja tena.

Simlaumu anayeuza. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita rekodi ya 1964, na watu wengi wa ufukweni waliyahama makazi yao. Kuna ada za shule na bili za hospitali. Kuna watoto waliokwisha kuota mizizi Nairobi au ng'ambo, ambao nyumba ya kijijini kwao ni mahali pa kupitia Krismasi. Mwenye shida hizo akiuza hajaikosea mila wala fundi.

Tena kazi nzuri haiharibiki kwa kubadili mikono. Huko Migori ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Yaelekea zilijengwa karne ya 16, mawe matupu bila tone la udongo wala chokaa, nyingine zikipita mita 4 kwenda juu. Mawe madogo yamesokomezwa katikati ya makubwa, na kila moja limemkamata mwenzake. Waliozianza si waliozimaliza. Jamii moja iliondoka, nyingine ikaingia, na kila iliyoingia ilizikarabati kwa mtindo uleule. Kuta zile zimesimama kwa sababu ufundi ulirithiwa pamoja na mawe. Wangerithi mawe peke yake, leo pangekuwa na rundo la kokoto lililoota nyasi.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Nyumba mpya ya Kano haijaonja masika moja na kiangazi kimoja, kwa hiyo hata mimi niliyesimama shimoni siijui bado. Kuiuza sasa ni kumuuzia mtu ahadi ya fundi ambayo sijaithibitisha, na ni kujinyima mimi kuiona ikitimia. Kwa hiyo siuzi. Mama watoto, ambaye ridhaa yake inatakiwa kisheria, aliniambia hivyo kabla sijamaliza swali. Tutaishi humo, tuzibue mitaro kila Februari, tutazame pembe za madirisha.

Ikitokea siku tukalazimika, atakayenunua atapewa hati pamoja na daftari: tulichimba kina gani, muramu uliingia matabaka mangapi, mkanda una nondo za unene gani, maji yaelekezwe wapi. Na fundi, akiwa hai, nitamwita aje amtembeze mwenye nyumba mpya kuizunguka, amweleze kwa kidole yasiyoonekana. Bei ya nyumba tutapatana. Maelezo hayo nitayatoa bure, kwa kuwa bila hayo atakuwa amenunua kuta tu.