Kirangozi wa Msafara na Mzigo wa Sifa

Kila mara jina la mwimbaji linapozagaa midomoni mwa watu kwa sababu ya kashfa, walimu wa shule zetu hurudia swali moja: je, msanii anawajibika kwa nani? Wako wanaotaka afungiwe mara moja ili iwe fundisho kwa vijana. Wako pia wanaosema kwamba msanii ni binadamu kama wengine, kazi yake ni kuburudisha tu, basi na aachwe. Majibu yote mawili ni mepesi, na jibu jepesi ni kama mzigo uliofungwa ovyo, ambao ubaya wake huonekana safari inapokuwa ndefu. Sisi tuliolelewa Tabora tungependa kulitafutia swali hili jibu katika njia ile ile waliyopita babu zetu, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapanda Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikateremka Uvinza hadi Ujiji.

Safari hiyo haikuwa mchezo. Richard Burton alipoondoka pwani mwezi Juni 1857 alifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba, baada ya zaidi ya miezi minne ya kutembea kwa miguu. Kabla ya kuingia Unyamwezi, msafara ulipaswa kuvuka Mgunda Mkali, nyika kame ambako kukosa kisima kulikuwa ni kukosa uhai. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi. Huyu alivaa nguo nyekundu na manyoya ya mbega kichwani, na ngoma ikimfuata. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na wapagazi wakaitikia. Kwa lugha ya leo, huyo alikuwa mtu maarufu: kila kijiji kilitoka kumtazama.

Lakini tuangalie umaarufu wake ulisimama juu ya nini. Mavazi yake mekundu yalikuwa alama ya kazi, nayo kazi ilikuwa kuijua njia. Kirangozi aliyeimba vizuri akapotea njia hakuwa na faida kwa mtu yeyote. Pili, nyimbo zake na za wenzake hazikumwogopa mwenye mali. Wasafiri wa Ulaya wenyewe waliandika kwamba wapagazi waliwaimba kwa dhihaka, wakiutaja uchoyo wao na ulafi wao. Dhihaka hiyo ilikubalika kwa sababu ilitoka kinywani mwa mtu aliyekanyaga mchanga ule ule na kuona kiu ile ile. Haki ya kukemea aliipata kwa kushiriki taabu.

Hatusemi kwamba njia ile ilikuwa njia ya heri. Kando ya wapagazi waliotembea kwa ujira walipita pia watu waliofungwa minyororo, na sifa za matajiri kama Tippu Tip zilijengwa juu ya migongo ya watu ambao hakuna aliyewauliza majina. Hata sifa iliyoandikwa vitabuni ina dosari hiyo. Wanafunzi wetu hupelekwa Kwihara, karibu na mji wa Tabora, kuliona tembe alilokaa David Livingstone pamoja na Henry Morton Stanley. Hurudi na majina hayo mawili. Ni wachache wanaorudi na jina la Susi au la Chuma, ambao mwaka 1873 waliufikisha mwili wa Livingstone hapo hapo Unyanyembe. Waliposhauriwa na Luteni Cameron wauzike papo hapo, walikataa, wakaubeba hadi Bagamoyo mwaka 1874. Stanley alikuwa na gazeti la kumtangaza, na Susi na Chuma walikuwa na mzigo tu. Tangu siku hizo, basi, sifa na wajibu hazikukaa daima katika nyumba moja.

Baada ya misafara sanaa ya kushindania sifa haikufa. Wanyamwezi na Wasukuma wana manju wao, watunzi na viongozi wa ngoma, ambao hupambana kwa tungo mbele ya umati, na umati ndio huamua nani kashinda. Katika siku za wakoloni, mashindano ya beni yalienea kutoka pwani hadi bara, Tabora ikiwamo, kwa vyama vya Marini na Arinoti. Vyama hivyo viliwapa wanachama vyeo, sare na fahari, vikasaidiana katika misiba. Lakini pia vilitukanana kwa nyimbo na kushindana kwa karamu zilizomaliza akiba za watu. Kwa hiyo anayedhani kwamba kashfa na majivuno ya waimbaji yameletwa na simu za mkononi na aisome upya historia. Ngoma ikivuma sana hupasuka, nao wahenga hawakuitunga methali hiyo jana.

Hata hivyo, ngoma hizo hizo zilizaa watu waliojua kuutumia umaarufu. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma mjini Dar es Salaam kabla ya kuingia TANU. Mwaka 1955 alipokabidhiwa uongozi wa wanawake wa chama, aliviendea vikundi vya ngoma, akawaeleza wanawake habari za uhuru mahali walipokuwa wamezoea kukutana. Sauti iliyowachezesha ndiyo iliyowaamsha.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mzigo ulihama kutoka begani kwenda katika mabehewa, na muziki ukapanda treni. Magitaa yakaingia. Tabora ikawa na bendi zake: Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz. Shem Karenga, aliyeanzia muziki Kigoma, alipata jina kubwa katika Tabora Jazz, na alipofariki mwaka 2014 nyimbo zake zilikuwa bado zinaimbwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipozitunga. Njia ile ile haikuchoka kutoa waimbaji: mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, Diamond Platnumz akiwa mmojawapo, walikusanyika na kutoa wimbo wa pamoja, Leka Dutigite, wa kuutangaza mkoa wao.

Sasa tuje kwenye upande wa Serikali, maana sisi ni mtumishi wake na hatuna budi kusema kweli. Taifa letu limejaribu mara nyingi kuulea utamaduni kwa marufuku. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Mwishoni mwa mwaka huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Nia ilikuwa kujenga heshima ya taifa changa, nasi hatuidharau nia hiyo. Lakini vijana waliendelea kuupenda muziki huo, na nguvu nyingi zikatumika kupima urefu wa nguo badala ya kupima uzito wa fikra.

Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na matukio mawili ya karibuni yanafaa kuwekwa katika mizani. Machi 2017 mwanamuziki Nay wa Mitego alitoa wimbo uitwao Wapo, ulioyasema maovu katika jamii na katika utawala. Alikamatwa na polisi, wimbo ukazuiwa. Haukupita muda, Rais John Magufuli akaelekeza aachiwe na wimbo upigwe, tena akashauri uongezewe maovu mengine ambayo mtunzi hakuyataja. Mwaka uliofuata, 2018, Baraza liliufungia wimbo uliobeba jina la mji jirani yetu wa Mwanza, ulioimbwa na Rayvanny pamoja na Diamond, kwa sababu ya maneno yasiyo ya staha. Walipouimba tena jukwaani mwezi Desemba, wakazuiwa kufanya maonyesho. Januari 2019 wakaruhusiwa tena. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Aprili, Diamond alikuwa amehojiwa na polisi kwa picha za faragha alizozisambaza mwenyewe.

Ndugu msomaji, linganisha mambo hayo mawili. Wimbo wa kwanza uliwakemea wenye nguvu. Wa pili ulicheza na matamanio ya mwili. Hakuna mwalimu wa fasihi atakayesema kwamba ni kazi za aina moja. Lakini zote mbili zilikutana na rungu moja. Nasi tunaona kwamba hapo ndipo penye kasoro: rungu halina masikio. Tena wimbo wa kwanza haukuokolewa na hoja wala na sheria, uliokolewa kwa hisani ya mkubwa. Sanaa inayoishi kwa hisani leo inaweza kufa kwa kukosa hisani kesho.

Tunayasema haya tukiwa na doa letu wenyewe. Katika miaka ya tisini, tungali wageni katika kazi ya utamaduni, tulipewa jukumu la kuzipitia nyimbo za sherehe moja ya mavuno katika wilaya ya wakulima wa tumbaku. Manju mmoja mzee alituletea wimbo wenye beti sita. Ubeti wa nne ulisema habari za mizani inayompunja mkulima. Tuliufuta kwa kalamu nyekundu, kwa hofu kwamba mgeni rasmi angeudhika. Mzee hakubishana. Siku ya sherehe alipofika ubeti wa nne alifunga kinywa, na wacheza ngoma wake wakanyamaza kwa muda wa ubeti mzima, miguu yao tu ikiendelea kukanyaga. Umati wote ulielewa. Wakulima walianza kucheka, kisha wakanyamaza nao. Jioni ile ile bendi ya kukodi ilipiga wimbo wa matusi mbele ya watoto, na hatukuwa na la kufanya kwa kuwa haukuwa katika orodha yetu. Tulikuwa tumeziba kinywa cha ukweli, tukauachia upuuzi mlango wazi. Ukimya ule wa ubeti mmoja tumeubeba hadi leo.

Je, msanii basi asiulizwe? La, hasha. Tunasema aulizwe na anayestahili kuuliza, na kwa jambo linalostahili. Ugomvi wa ndoa yake, deni lake, machozi ya mama yake, hayo ni ya nyumbani kwake, na gazeti linaloyachuuza linafanya kazi ya udaku, si ya uhakiki. Lakini akiufungua mlango kwa mkono wake na kuyaleta ya chumbani sokoni ili auze, hawezi tena kulalamika kwamba watu wamechungulia. Na kazi yake yenyewe, yaani wimbo, ni mali ya umma: hapo tuna haki ya kumwuliza kama alivyoulizwa kirangozi, unatupeleka wapi? Je, unaijua njia, au umevaa nyekundu tu? Unapomdhihaki mtu, je, umeibeba taabu ya hao unaodai kuwasemea? Mwimbaji anayewacheka maskini ili matajiri wamtunze amekwisha kuacha nafasi yake ya mbele, hata kama ngoma bado inamfuata.

Msikilizaji naye ana fungu lake. Hakuna kirangozi bila waitikiaji. Wimbo mchafu hautajiriki kwa sauti ya mwimbaji peke yake. Hutajiriki kwa vinywa vyetu vinavyouitikia harusini, kisha asubuhi vikaulaani ofisini. Tunamhukumu kijana mmoja kwa dhambi tuliyoichangia maelfu.

Kwa hiyo ombi letu kwa walimu ni hili: msiwaambie wanafunzi wenu tu kwamba wimbo fulani ni mbaya. Uleteni darasani kama mnavyoleta shairi. Waulizeni nani anasema ndani yake, anamsema nani, kwa faida ya nani, na je, maneno yakiondolewa mdundo yanabaki na nini. Kijana aliyezoea kuuliza hivyo hatahitaji kalamu nyekundu ya afisa, kwa sababu atakuwa na mizani yake mwenyewe, isiyopunja. Na nyinyi wanafunzi, mtakapokwenda Kwihara kuliona lile tembe, simameni kidogo nje, mtazame upande wa mashariki ambako misafara ilitokea. Humo walipita watu wengi walioimba na wachache walioijua njia. Taifa lilifika lilipofika kwa sababu waitikiaji walijifunza kuwatofautisha.