Krizi haikuua kitu: kumusoma Crouch nikiwa Lubumbashi

Bandugu, nimemaliza kitabu cha Mwingereza Colin Crouch, cha mwaka 2011, kinachouliza kwa nini uliberali mamboleo haukufa kisha krizi ya 2008. Jibu lake ni zuri, na bado linanisumbua.

Anasema hivi: wanatuhubiria soko huria, lakini anayetawala kweli si soko, ni makampuni makubwa. Benki zilipoanguka, zile serikali zilizoambiwa miaka yote zisiingilie soko njo ziliziokoa kwa pesa ya raia. Kisha raia akaambiwa afunge mukaba. Hapo mi nakubali kabisa.

Lakini Crouch anaona nguvu ya kampuni kama uzito unaolemea serikali. Sisi wa Katanga tunajua nguvu ingine, ile ya karatasi. Sheria ya madini ya 2002 iliandikwa kwa musaada wa Banki ya Dunia. Ndani yake kulikuwa ahadi: ushuru ukipandishwa, mwenye kibali cha kuchimba haguswi kwa miaka 10. Banki hiyo hiyo ililipia wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waondoke "kwa hiari", 2003 na 2004. Hiari gani, na mishahara haijalipwa miezi na miezi?

Ikafika 2008. Bei ya shaba ikashuka kutoka zaidi ya dola 8.000 kwa tani mu Julai hadi karibu 3.000 mu Desemba. Viwanda vidogo vya kuyeyusha vikafunga, batu wakarudi nyumbani. Ahadi haikuguswa. Krizi ni ya miezi; karatasi ilisema miaka 10.

Njo maana sura ya mwisho, ambapo anategemea mashirika ya raia yaendelee kukosoa, naiona nyepesi. New York, 2011, walipiga kelele wakafukuzwa uwanjani. Wagiriki walipiga kura, Julai 2015: 61% wakasema hapana. Siku 8 baadaye serikali yao ikakubali masharti.

Huku kwetu, kilichosogea kidogo ni karatasi yenyewe. Mwaka 2018 wakubwa wa makampuni walikwenda Kinshasa kulalamika, lakini sheria mupya ikapita: mrabaha wa kobalti ukatoka 2% hadi 10%, na ile ahadi ya miaka 10 ikawa 5. Ilipunguzwa, haikufutwa. Wenzangu wa droit, ni nani kati yenu ameshaisoma?