Moto Juu, Moto Chini

Ngano si zao letu. Milima ya Mbooni, hapa Ukambani, hutoa kahawa, parachichi, ndizi na mboga, na ukiteremka kuelekea Kalawa, kule jua linakowaka bila huruma, utakuta mtama, wimbi, ndengu, kunde na mbaazi. Unga mweupe unaouzwa madukani hapa Kikima umetoka mbali. Pengine umetoka Narok, lakini mara nyingi umevuka bahari na kupakuliwa Mombasa, kwa kuwa Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano yake. Mwaka 2022, vita vya Ukraini vilipoipandisha bei ngano, mkate nao ulipanda hadi kwenye kibanda cha mwisho kijijini. Ndipo baadhi yetu tulipoutazama upya ule mtama uliolala guniani ukingoja uji na ugali.

Nataka kuisifu kazi ya kuoka nyumbani, hasa kuoka kwa nafaka na mikunde ya kwetu, kwa sababu sijaona kazi nyingine ya jikoni inayomlazimisha mtu awajue majirani zake kiasi hiki. Mkate wa dukani unalipiwa, unabebwa, basi. Mkate wa nyumbani huanza kwa kuulizana. Nani bado ana wimbi la msimu uliopita? Mbaazi za nani hazijatobolewa na wadudu? Shangazi aliyeolewa kule chini atapanda matatu lini, na je, atatubebea gorogoro mbili za mtama? Zile ndizi zilizoiva hadi ganda likawa jeusi, ambazo muuza matunda huzitenga jioni kwa kukosa mnunuzi, ndizo tunazozitaka. Mayai yako kwa jirani wa upande wa juu, maziwa lala kwa wa upande wa chini. Na hakuna kati yao anayekupa kitu ukaondoka papo hapo. Utaulizwa habari za nyumbani, utaambiwa za mtoto aliyeko Machakos, utaonyeshwa ng'ombe asiyekula vizuri tangu juzi. Mfuko wa unga unapojaa, umekwisha kuzipata habari za kijiji kizima.

Mashine ya kusaga nayo ina adabu zake. Unga wa kuokea hautaki ukubwa wa chembe za ugali. Mwenye mashine huombwa ausage mara mbili, kwa chujio la matundu madogo, na asiye na subira naye hujikuta akirudi nyumbani na unga wa kukwaruza ulimi. Ukitoka mashineni bado una moto, kwa hiyo haufungwi. Hutandazwa kwenye ungo hadi upoe, la sivyo utatoa jasho ndani ya mfuko na kuvunda. Unga wa uwele ndio usiongoja kabisa: mafuta yaliyomo hugeuka haraka, na baada ya muda mfupi unakuwa mchungu. Ndiyo maana waokaji wa huku husaga kidogo kidogo na mara kwa mara, na foleni ya mashineni ikawa baraza lao.

Mtama na wimbi havina ule mnato wa ngano unaoinasa hewa ya hamira na kuliinua donge. Ukioka mtama mtupu, mkate hubaki chini, na ukitiwa kisu humomonyoka. Kwa hiyo ngano haifukuzwi, inapunguzwa. Vikombe vitatu vya ngano kwa kimoja cha mtama au wimbi, kisha vijiko viwili vitatu vikubwa vya unga wa mbaazi zilizokaangwa kidogo kabla ya kusagwa ili ule ubichi uondoke. Wimbi lina kalisi zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100, na zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya mbaazi kavu ni protini. Wazee wetu hawakuhitaji tarakimu hizo. Waliochanganya mahindi na maharagwe katika isyo, au muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na mbaazi, walijua kwamba nafaka peke yake haimshibishi mtu kwa muda mrefu. Ujuzi uleule ndio ulioingia kwenye mkate.

Sasa moto. Oveni za umeme ni chache vijijini, wala hazihitajiki. Chukua sufuria kubwa na nzito, tia ndani mchanga safi uliokauka, kina cha vidole viwili, uibandike kwenye jiko la makaa na kuifunika hadi mchanga upate joto. Tupa chembe za unga juu ya mchanga: zikigeuka kahawia polepole, moto ni sawa, zikiungua mara moja, toa makaa. Hapo sufuria ndogo yenye donge, iliyopakwa mafuta, hushushwa juu ya vijiwe vitatu vilivyopangwa ndani ya ile kubwa. Halafu kifuniko bapa, na makaa mengine juu ya kifuniko. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, kwa sababu joto la chini hupanda lenyewe, ila la juu halishuki bila kulazimishwa.

Kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja. Kifuniko kilichobeba makaa lazima kiinuliwe wima, bila kuinama hata kidogo, maana kikiinama majivu huangukia mkate. Mmoja huinua kwa vitambaa mikono yote miwili, mwingine huchomeka kijiti katikati ya mkate na kukitazama: kikitoka kikavu, umeiva. Huyo wa pili mara nyingi ni mtoto, na sijui njia iliyo bora kuliko hii ya kumfundisha mtoto uangalifu. Mwezi Julai, ukungu unapokaa juu ya Mbooni hata asubuhi ikaanza kuisha, donge huumuka taratibu sana. Huwekwa karibu na jiko, limefunikwa leso, na watu hukaa hapohapo wakilingoja, wakimenya maharagwe au wakisuka kyondo. Pwani wamejua ufundi huu tangu zamani. Mkate wa kumimina huokwa vivyo hivyo, makaa chini na juu, na mofa huumbwa kwa unga wa mtama na kuokwa katika tanuri la udongo. Mtama ulikuwa mkate kwa Waswahili kabla ya ngano ya meli kujaa madukani.

Lakini jambo linaloniuma, na ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike, ni keki. Siku hizi hakuna sherehe isiyokuwa na keki: arusi, ubatizo, mahafali, hata ntheo, ile hafla yetu ya kimila ya ndoa. Nzuri kuitazama, imepakwa sukari nyeupe nje, sukari nyingine ndani. Na katika kila sherehe yuko mzee anayeisukuma sahani pembeni. Ana kisukari. Aliambiwa kliniki, akatii, na sasa watu wakila anakunja mikono. Amevaa nguo yake nzuri, amesafiri, amebariki maharusi, kisha wakati wa kula pamoja anatengwa na chakula chenyewe. Sidhani tumelifikiria jambo hili inavyostahili. Tunasema tumemwalika, kumbe tumemwalika atutazame tukila.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu katika chakula cha siku, na kwamba ni heri ishuke chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi, vijiko sita vidogo vya chai. Chupa moja ya soda huvuka hapo. Asali nayo imo kwenye hesabu hiyo hiyo, hata ile ya Kibwezi tunayoipenda. Kwa hiyo anayeoka kwa kuwajali wenzake hawezi kubadilisha sukari kwa asali akajipongeza. Utamu hutafutwa kwenye ndizi iliyoiva sana au kiazi kitamu, kwa kiasi, huku mbaazi na wimbi vikiupa mkate uzito wa kushibisha. Sidai mkate huu ni dawa. Wanga ni wanga, na mwenye kisukari bado ana kipimo chake. Ila kipande chembamba anaweza kukila pamoja na wengine, kama susu, yaani nyanya, anayekatiwa na mjukuu wake:

“Susu, hiki hakina sukari ya kutia. Utamu wote ni wa ndizi.”

“Basi nikatie, mjukuu wangu, lakini chembamba.”

Na akishakula, hanyamazi tena. Atakueleza walivyokuwa wakichimbia viazi kwenye majivu ya moto, nani aliiba vya nani, na yule mwizi baadaye alimwoa nani.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinastahili neno lao. Mwaka 2016, Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade na Jan Low walipewa Tuzo ya Chakula Duniani, pamoja na Howarth Bouis, kwa kazi ya kueneza mazao yenye virutubisho zaidi, na viazi hivi vilivyojaa vitamini A vikiwa mbele. Vikichemshwa na kupondwa huchukua nafasi ya sehemu ya unga na karibu sukari yote, na donge hupata rangi ambayo hakuna mtoto anayeikataa.

Ukambani tuna mwethya, kazi ya kusaidiana kwa zamu. Matuta yaliyozuia udongo wa milima hii kuteremka mtoni yalichimbwa na watu waliopokezana mashamba, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba akiwapikia wachimbaji. Vyama vingi vya akina mama vya leo ni watoto wa mwethya, na kuoka kumeingia humo bila kubisha hodi. Huyu huja na unga, yule na mayai, mwenye nyumba hutoa makaa, na mkate hukatwa kabla ya kikao kwisha. Haukai. Hauna dawa ya kuzuia ukungu kama wa kiwandani, na kwa vile una ndizi na maziwa lala, siku ya tatu au ya nne huwa umeanza kuharibika. Huwezi kuuweka kabatini ukaula peke yako wiki nzima. Nusu huvuka ua siku hiyohiyo, na chombo kilichoupeleka hakirudi kitupu: kitarudi na parachichi, na mbegu za kunde, au na mbaazi za kuokea mkate mwingine.

Mbaazi tulizopanda na mvua za Oktoba zitakuwa tayari mwakani kati ya Julai na Septemba, lakini za mwaka huu bado zipo za kutosha. Wanaorudi nyumbani Desemba kutoka Nairobi na Mombasa, msituletee keki za madukani. Leteni unga wa ngano pakiti moja moja na hamira. Mengine yote tunayo.